Kadi za Galina Petrovna

Juma lililopita Irina alinipigia simu. Alisema wanahama nyumba, na katika kupangua stoo amekuta bati la biskuti la nyanyake, marehemu Galina Petrovna, limejaa kadi, na chini ya bati pamebandikwa karatasi yenye jina langu. Akauliza alilete lini. Nikamwambia njoo Jumapili, njoo na njaa, nitapika chapati. Nilisema hivyo kwa sauti nzuri kabisa. Kisha nikaweka simu chini, nikakaa kwenye kiti cha jikoni hapa ughaibuni, Inver Grove Heights, nikaona miguu imekuwa baridi, na hita ilikuwa inawaka. Maana bati lile nalijua. Nilifuta vumbi lake mwaka mzima. Na tangu mwaka ule, nilipokuwa na miaka ishirini na sita, nimeishi nikijua kwamba ndani yake kuna kadi moja inayonihusu, na kwamba neno lililo juu ya kadi hiyo si neno ambalo mtu angetaka asomewe mbele ya chai yake.

Nitaeleza polepole, mnivumilie. Mimi si mtu wa masomo. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa kama gari bovu, na mpaka leo nikishika kalamu mkono unaandika kama unalima. Mwanangu husema, "Mum, just talk to your phone, it will type." Lakini simu haina subira, ukinyamaza kidogo inadhani umemaliza. Na mimi nikinyamaza ndipo ninapokumbuka. Basi.

Mwaka ule nilikuwa naishi Apple Valley kwa Mama Nelly, nesi, mtu wa kwetu Kenya, aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na koti la kuazima lililofunika vidole. Alinipa chumba cha chini, kwenye besimenti, chenye dirisha dogo lililo sawa na majani ya nje, na theluji ilipoanguka dirisha lilizibwa, chumba kikawa cheupe pande zote kama uko ndani ya yai. Juu ya kitanda changu palikuwa na tundu la hita, na tundu lile lililetea chumba vitu viwili: joto, na mazungumzo ya jikoni. Sikutafuta kusikiliza. Lakini mtu ufanyeje, uzibe joto? Nilijua nani amepandishwa cheo, nilijua nani mumewe amerudi Nairobi akasahau namba ya simu, nilijua chapati zinapikwa kabla harufu haijafika. Na siku moja, Jumamosi asubuhi, nikawasikia Mama Nelly na mumewe wakinizungumza mimi.

"Wakio ni mtoto mzuri," Mama Nelly alisema, "lakini amepoa. Miezi saba sasa, hajaleta hata roho moja."

"Ailete kutoka wapi?" mumewe akajibu. "Anakaa na kikongwe mmoja wa Kirusi kutwa. Ahubirie friji?"

"Kikongwe naye ana roho, Baba Nelly."

"Basi mwambie aharakishe. Huyo wa miaka themanini na kitu hana muda wa kungoja."

Wakacheka, wala si kwa ubaya. Mimi chini pale sikucheka. Lazima mjue sisi tuliokulia kwenye uamsho tulivyo. Mtu haketi tu kwenye ibada akaondoka na mkoba wake. Anasimama, anasema Bwana alimtoa wapi, juma hili amejikwaa wapi, na amemleta nani. Kwa Mama Nelly tulikutana kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, watu kumi na watano, ishirini, viatu vya theluji vimejaa mlangoni kama mifugo, na ushuhuda ulizunguka kutoka kochi hadi kochi. Ulipofika kwangu nilisema, "Bwana asifiwe, namshukuru kwa uhai," nikaketi. Wiki baada ya wiki, kwa uhai. Nikaanza kuona wananisemesha kwa ile sauti laini ya kumsemesha mgonjwa. Na watu wale ndio walionitafutia kazi, ndio walionivisha koti, ndio walionizungusha kwa magari yao. Sikuwa na watu wengine bara lile zima. Mtu aliyepoa hafukuzwi, lakini anaanza kusahauliwa kupigiwa simu, na mimi niliogopa kusahauliwa kuliko nilivyoogopa Januari.

Sasa nirudi kwa kikongwe. Asubuhi Mama Nelly akienda shifti alinishusha Saint Paul, kwenye ghorofa la wazee lenye lifti inayonuka supu ya kabeji. Nilitarajia kukuta mgonjwa, nikakuta ofisi. Galina Petrovna alikuwa amekaa mezani amevaa sweta mbili, kioo cha kukuza herufi mkononi, bati la biskuti mbele yake. Alinitaka nimwite hivyo, majina yote mawili, la kwake na la babake, na mimi aliniita Vakio maana W ilimkataa. Alikuwa amefundisha Kiingereza huko Urusi zaidi ya miaka thelathini. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabuni, changu cha kuokoteza, na katikati ya hivyo viwili tulielewana vizuri sana. Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kumwosha, kumpa dawa, kupasha supu. Lakini macho yake yalikuwa yanazimika, na kabla wiki ya pili haijaisha alikuwa amenifanya karani wake.

Kadi zile zote, mamia yake, zilimhusu mtu wa aina moja. Yule anayemvaa Mungu kwa nje, ndani amevaa kitu kingine. Upande mmoja wa kadi neno la Kirusi, upande wa pili la Kiingereza, na chini ya neno mfano mmoja, si kutoka kitabuni, kutoka kwa mtu aliyemwona kwa macho yake, na jina la mtu huyo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Neno bila mtu, alisema, ni koti lililotundikwa msumarini. Mimi nilisoma upande wa Kiingereza, silabi moja moja, yeye akitaja wa Kirusi kwa kichwa, akiwa amefumba macho. Tulikunywa chai nyeusi na kijiko cha jemu kando, mkate mweusi mchungu kidogo, viazi sukari vyekundu hivi ambavyo vikipikwa jikoni inaonekana kama pamechinjwa mtu. Na maneno.

Siwezi kuwaambia nilivyoshangaa. Nilidhani lugha ina neno moja kwa kitu kimoja, mnafiki ni mnafiki, yamekwisha. Kumbe kuna watu walioketi wakamchambua mnafiki kama wafugaji wanavyochambua rangi za ng'ombe. Kuna pustosvyat, mtakatifu mtupu, kama debe. Kuna litsemer, mwenye kubadili uso. Kuna svyatosha, ambaye ni utakatifu uliovishwa kijimkia cha dharau. Waingereza nao wana yule wa kujiona mtakatifu kuliko wewe, wana mpiga-Biblia, wana mwenye mdomo wa unga, asiyetamka neno gumu kwa kuwa mdomo umejaa ulaini, na lile neno lao kubwa la kawaida, hypocrite, ambalo zamani za Wagiriki lilikuwa la mwigizaji wa jukwaani. Siku ya khanzha ndiyo siwezi kuisahau. Alisema hilo ndilo neno la Warusi kwa mtu wa dini ya macho, na wataalamu wanadhani lilitoka mbali, kwa Waturuki, na kabla ya hapo lilikuwa haji. Nikaweka kadi chini. Haji? Huyu huyu haji wa kwetu, ambaye akirudi Maka watoto hushindana kumshika mkono? "Huyo huyo," akasema. "Neno lilianza safari likiwa safi. Lilichafuliwa na watu liliopanda nao." Nilikaa na chai yangu nikiwazia neno lile likivuka nchi na nchi, kila mpaka likipoteza nguo moja, mpaka likafika Saint Paul kwenye meza ya bibi huyu likiwa tusi, na mimi niliyelijua lilipokuwa na heshima zake nimelikuta hapa kama ndugu aliyepotea.

Akaniuliza sisi tunasemaje. Nikampa mnafiki, nikampa mzandiki, hakutikisika. Nikampa ndumilakuwili, nikamweleza ni jina la nyoka ambaye watu husema ana vichwa huku na huku, hujui anakwenda au anarudi. Aliweka kioo chini. Alinifanya nilirudie mara nne. Akaliandika kwenye kadi mpya kwa herufi kubwa, chini pakabaki patupu, akasema, "Hili zuri mno. Tulitafutie mtu anayelistahili."

Nilimuuliza mara moja kwa nini mtu huyu na si, kwa mfano, mwizi. Akasema mwizi hakuwahi kumdhuru. Kazini kwake kulikuwa na mwenzake, mwanamke, waliyelia naye pamoja kwenye maziko ya mamake Galina, amemshika mabega. Juma lile lile mwenzake huyo aliandika barua kwa wakubwa kwamba Galina hana imani na chama. "Kwetu Mungu hakuruhusiwa," alisema, "lakini wenye kusali walikuwepo vilevile. Waliinamia picha nyingine tu." Yule mwanamke ndiye kadi ya kwanza. Yeye mwenyewe Galina hakuamini Mungu, na alilisema hilo waziwazi, kama anavyosema hapendi sukari kwenye chai.

Na mimi, niwe mkweli, niliyatumia maneno yale vibaya. Kila neno jipya nilirudi nalo Apple Valley nikalivika Mama Nelly. Akiimba anasonga ugali, nasema moyoni, pustosvyat. Akinisahihisha urefu wa sketi, nasema, mtakatifu kuliko wewe. Nilijilaza kwenye yai langu jeupe nikijiona mjanja, nina maneno ya lugha mbili za kumtukana mwenye nyumba na hakuna anayejua.

Sasa uongo wenyewe. Siku moja Galina Petrovna alitaka kusikia kisa cha Farisayo, akaniomba nimsomee kwa Biblia yangu ya Kiswahili, asikie tu lugha inavyokwenda. Nikasoma wale wawili waliopanda hekaluni kuomba. Alifumba macho alivyofumba siku zote. Nilipomaliza akasema, "Soma tena." Ni hayo tu. Jumamosi ushuhuda ulipozunguka ukafika kwenye kochi langu, na Mama Nelly akanitazama kwa yale macho laini, nikasikia mdomo wangu unasema: Bwana asifiwe, yule mama ninayemtunza nimemsomea neno, akafumba macho, tukaomba pamoja, amempokea Bwana.

Nyumba ililipuka kwa nyimbo. Mama Nelly alinikumbatia akilia, machozi ya kweli, yalilowesha sikio langu. Hata Nelly, aliyekuwa na miaka kumi na tatu na hajibu mtu kwa Kiswahili, aliacha simu akauliza, "Wait, the Russian lady?" Nilifurahi. Nisidanganye tena hapa, nilifurahi siku nzima. Nilichosahau, mimi niliyezaliwa humo, ni desturi. Kwetu mtu akiokoka ndugu hawamwachi peke yake. Wanamwendea kwake, wanamshika mkono, wanaimba mlangoni, wanakunywa naye chai. Mama Nelly alikuwa anafuta macho huku anapanga. "Jumamosi ijayo hatukutani hapa. Tunaenda kumwona dada yetu."

Wiki ile nilikuwa na siku tano za kusema kweli. Nikafua mapazia ya Galina Petrovna, nikang'arisha masufuria. Akauliza kama anatembelewa na rais. Nikasema rafiki zangu wangependa kumsalimia. Akasema waje, mkate upo.

Tulikuwa watano. Mama Nelly, mumewe, mama mmoja na binti yake, na mimi. Chupa mbili za chai ya maziwa, chapati zimefungwa kwa taulo. Kwenye lifti Baba Nelly alinung'unika kwamba mtu anaku-drive mpaka Saint Paul siku ya mechi basi naye ahesabiwe miongoni mwa mashahidi. Wakaimba mlangoni. Galina Petrovna akafungua, sweta mbili, akatutazama mmoja mmoja mpaka wimbo ukaisha, akasema karibuni, viatu hapo. Tukaketi kuizunguka meza, bati katikati. Mama Nelly akafungua mkoba akatoa leso, kanga ya kujifunga. Niliijua ile leso. Ilikuwa ya marehemu mamake, ndiyo pekee aliyokuja nayo kutoka nyumbani, aliikunja kwenye droo na kuinusa, nilikuwa nimemwona. Akamzungushia Galina Petrovna mabegani, akamfunga kwa mbele polepole kama anavyofungwa mtoto.

"Dada Galina," akasema kwa Kiingereza chake cha hospitali, "Wakio ametueleza jinsi ulivyompokea Bwana. Tumekuja kufurahi na wewe. Tungependa tusikie kwa kinywa chako."

Galina Petrovna alikuwa ameshika kipande cha chapati. Hakukitia mdomoni. Alinigeuzia uso, akanitazama alivyotazama kadi iliyoinuliwa dirishani. Alielewa yote pale pale, niliona yanamwingia machoni. Akasema taratibu, "Muulizeni Vakio. Mimi leo ni msikilizaji."

Sentensi ya kuniokoa ilikuwa tayari ulimini: mama yetu bado mchanga katika imani, ana haya. Ingepita. Wote wangeitikia amina, tukanywa chai, tukarudi. Lakini niliitazama ile leso. Nilikuwa na maneno ya lugha mbili niliyomvika Mama Nelly miezi yote ile, na hakuna hata moja lililomkaa, na yeye alikuwa amemvika mtu asiyemjua nguo ya mamake kwa ajili ya uongo wangu. Nikasimama, maana kwetu ushuhuda hautolewi umeketi. Nikasema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiingereza ili Galina Petrovna asikie. Kwamba hakuomba. Kwamba hakumpokea mtu. Kwamba alifumba macho kwa sababu ndivyo anavyosikiliza, na mimi nilisema uongo kwa kuwa niliogopa msije mkaniacha.

Baba Nelly alirudisha chapati kwenye taulo kana kwamba imekuwa ya mtu mwingine. Galina Petrovna akaanza kufungua lile fundo la leso ili airudishe, na vidole vyake vibovu vikashindwa. Mama Nelly akaushika mkono wake, akaushusha.

"Leso haikuja kwa sababu ya ushuhuda," akasema. "Imekuja kwa sababu ya baridi. Baba Nelly, mimina chai."

Tukanywa. Galina Petrovna akauliza mkate ule unaitwaje na unakunjwaje, Mama Nelly akamwonyesha kwa leso yenyewe, na baada ya muda kidogo walikuwa wanabishana kuhusu unga. Njiani kurudi, baada ya kuvuka mto, Mama Nelly akasema bila kugeuka, "Nilikutaka uzae matunda Januari, Wakio. Mti gani unazaa Januari? Nisamehe na mimi." Nililia mpaka Apple Valley, na Jumamosi iliyofuata walinipitia kama kawaida.

Lakini Jumatatu. Nilipofika kazini nilimkuta Galina Petrovna anaandika, leso mabegani. Mbele yake ile kadi ya ndumilakuwili. Alipoona nimekaribia aliifunika kwa kiganja. Hakusema lolote kuhusu Jumamosi, si siku hiyo, si siku nyingine. Mara moja tu, tukiwa tunapanga bati, alisema miaka yote hii amekusanya maneno ya huyu mtu, lugha zote mbili zimejaa, na hakupata hata moja la mtu huyo siku anapoacha unafiki wake. Nami nikajua: neno lile zuri limepata mtu wake. Kiganja chake sikukisahau. Nilihama kazi, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka, Galina Petrovna alizikwa mimi nikiwa Kenya kumzika mama yangu, Mama Nelly naye amestaafu, bado tunapikiana. Na muda wote kadi ile imekaa gizani na jina langu.

Basi Jumapili Irina alikuja. Ni mwanamke wa makamo sasa, ana mikono ya nyanyake. Tulikula kwanza. Niliosha vyombo viwili vitatu vilivyokuwa safi. Kisha nikamwambia atafute kadi yenye neno refu lisilo la Kirusi wala Kiingereza, na anisomee mfano, maana ulikuwa kwa Kirusi. Akaipata haraka. Akaisoma kimya, akanitazama, akaisoma tena.

"Unataka kweli?"

"Soma, mwanangu. Nimeingoja miaka."

Akanitafsiria polepole. Juu, ndumilakuwili. Chini yake: "Galina. Vakio aliposimama mbele ya watu wake, mimi nilikaa na mkate wao mkononi na nguo yao mabegani, mimi niliyewacheka wenye kusali maisha yangu yote, nikamwomba Mungu, ambaye simwamini, kwamba Vakio adanganye, kwa sababu nilihitaji mfano."

Nilimwambia asome tena. Alisoma tena. Nje theluji ilikuwa inaanguka ile ya polepole isiyo na haraka ya kufika chini.

Nilikuwa nimewaambia watu wa Apple Valley kwamba Galina Petrovna aliomba, na miaka yote nimetubu uongo huo. Kumbe wiki moja baadaye, mezani kwake, mbele yetu sote, aliomba. Mara moja tu, ombi baya, na akanyimwa, na aliyemnyima ni mimi.